Mwongozo Kamili wa Kumsaidia Mtoto Aliyeasiliwa kutoka Afrika Kuijua Asili Yake

Kuanzia miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2010, watoto wengi wa Kiafrika waliasiliwa, yaani walifanywa kisheria kuwa watoto wa kulea, na familia za Marekani, Ufaransa, Ubelgiji, Italia, Hispania na nchi nyingine za Magharibi. Kutoka Ethiopia peke yake zaidi ya watoto 15,000 walikwenda Marekani, kabla bunge la Ethiopia halijapiga marufuku uasili unaofanywa na wageni Januari 2018. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisitisha vibali vya kuwatoa watoto nchini Septemba 2013, Kenya ikasimamisha uasili wa wageni Novemba 2014, na Uganda ikakaza sheria yake mwaka 2016. Mlango huo sasa umefungwa kwa sehemu kubwa. Waliokwisha kupita, hata hivyo, wengi wao wamefikia ujana au utu uzima, na swali la asili yao halikufungwa pamoja na mlango.

Mwongozo huu umeandikwa kwa watu wa aina tatu: mzazi wa kulea aliye ughaibuni, aliyeasiliwa mwenyewe anayetaka kuanza kutafuta, na Mkongomani wa Matonge kule Brussels, Mkenya wa Minneapolis au Mtanzania wa popote pale ambaye jirani Mzungu amemwomba amsaidie mtoto wake “aijue Afrika”. Huyu wa tatu ndiye aliyenisukuma kuandika kwa Kiswahili, kwa sababu miongozo mingi huzungumza na mzazi wa kulea peke yake, ilhali sehemu kubwa ya kazi humwangukia shangazi au mjomba wa kanisani ambaye hakuelezwa lolote.

Msimamo wangu ni kwamba asili ya mtoto huishi ndani ya watu wanaomjua na ndani ya ukweli kuhusu alikotoka. Ngoma, vinyago, khanga na chakula vina nafasi yake, lakini huja baada ya hayo mawili. Ndiyo maana hatua hizi zinaanza na karatasi, zinakwenda kwa watu, na safari ya kurudi nyumbani inakuja mwishoni.

Hatua ya kwanza: Kusanya karatasi zote na uzisome kwa tahadhari

Kabla ya kununua kitabu chochote cha utamaduni, tafuta faili la mtoto. Unahitaji hati ya kuzaliwa, hukumu ya mahakama, taarifa ya afisa ustawi wa jamii, barua ya ridhaa ya mzazi au cheti cha kifo chake, pasipoti ya kwanza, viza, picha za kituoni, na majina ya wahudumu waliomlea kabla ya safari. Piga picha au changanua kila ukurasa, pamoja na upande wa nyuma ambako mara nyingi pameandikwa kitu kwa kalamu, kisha hifadhi nakala mahali pawili tofauti. Kama shirika lililosimamia uasili limefungwa, mamlaka ya uasili ya nchi ya malezi ndiyo ya kuulizwa ni chombo gani kilichopokea mafaili yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara za 7 na 8, unalinda haki ya mtoto kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana na kuhifadhi utambulisho wake, na Mkataba wa The Hague kuhusu uasili kati ya nchi na nchi wa tarehe 29 Mei 1993, katika ibara ya 30, unazitaka nchi wanachama kuhifadhi taarifa za asili ya mtoto. Taja ibara hizo katika barua yako ya maombi. Afisa anayejibu barua hulipa uzito zaidi ombi lenye msingi wa sheria.

Kila karatasi uisome ukijua kwamba ni dai linalosubiri kuthibitishwa. Korea Kusini ina uzoefu mrefu wa jambo hili, kwa kuwa watoto wanaokadiriwa kufikia 200,000 walipelekwa nje baada ya vita vilivyokoma mwaka 1953. Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo ilitangaza kwamba haki za walioasiliwa zilikiukwa: kumbukumbu zilighushiwa, watoto wenye wazazi wanaojulikana waliandikishwa kuwa yatima, na wengine walisafirishwa kwa utambulisho wa mtoto mwingine. Nchini Ubelgiji, uchunguzi ulionyesha kwamba watoto kadhaa waliofika kutoka Kongo mwaka 2015 kama yatima walikuwa na wazazi walio hai huko Gemena, wazazi walioambiwa kwamba watoto wanakwenda likizo Kinshasa. Agosti 2020 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda na washirika wao kwa sababu ya mpango ambamo familia za vijijini ziliahidiwa kwamba watoto wao wanapelekwa Kampala kusoma.

Kwa hiyo, usimwambie mtoto “mama yako alifariki” au “ulitupwa barabarani” ikiwa chanzo chako ni karatasi moja ya kituo. Mwambie “karatasi zinasema hivi, na bado hatujathibitisha.” Sentensi hiyo itamlinda siku atakapogundua vinginevyo, na itawalinda ninyi wazazi msionekane mlimdanganya. Kama maelezo ya faili lake yanafanana neno kwa neno na ya watoto wengine wa kituo kilekile, weka alama ya swali ukingoni mwa ukurasa na uendelee.

Wakati faili liko mezani, kagua pia uraia. Mtoto aliyeingia Marekani kwa amri ya ulezi tu, kama ilivyokuwa kwa wengi waliotoka Uganda, hakupata uraia alipotua uwanja wa ndege. Aliupata pale uasili ulipokamilishwa katika mahakama ya Marekani kabla hajatimiza miaka 18. Sheria ya mwaka 2000 iliyotoa uraia moja kwa moja iliwaacha nje wale waliokuwa wamekwisha kutimiza miaka 18 ilipoanza kutumika tarehe 27 Februari 2001, na baadhi yao, watu wazima waliokulia Marekani, wamefukuzwa nchini na kurudishwa Korea wasikomjua mtu. Hakikisha cheti cha uraia kipo mkononi kabla ya kufikiria safari yoyote.

Hatua ya pili: Lisome jina lake

Hapa ndipo msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kutoa msaada ambao mzazi wa kulea hawezi kuupata kirahisi kwingineko, kwa sababu majina yetu yanabeba habari.

Mtoto wa Ethiopia hubeba jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Jina la pili katika hati yake ni la mzazi wake wa kiume, na familia inapolifuta ili kuweka jina la ukoo wa Magharibi inafuta uzi wa kumtafutia. Mkongomani huandikwa majina matatu, na lile la katikati, ambalo lilipata nguvu ya sheria enzi za Mobutu, mara nyingi ndilo linaloonyesha eneo au kabila. Kwa Wanande wa Beni na Butembo majina hufuata mpangilio wa kuzaliwa: Kambale ni mtoto wa pili wa kiume na Masika ni wa kwanza wa kike, na ndugu zao Wakonzo wa upande wa Uganda wana Bwambale kwa nafasi hiyohiyo ya Kambale. Maana yake ni kwamba mtoto anayeitwa Kambale, ambaye faili lake linasema “hana ndugu”, huenda ana kaka mkubwa. Katika Buganda kila ukoo una hazina yake ya majina, hivyo jina linaweza kukufikisha hadi kwenye ukoo. Na Kato au Nakato ni pacha wa pili kuzaliwa, kama alivyo Doto nyuma ya Kulwa kwetu Tanzania. Mtoto anayeitwa Kato anastahili kuulizwa habari za pacha wake kabla ya kuulizwa kitu kingine chochote.

Tahadhari moja ni kwamba vituo vingi viliwapa watoto majina mapya, hasa wale waliofika wakiwa wachanga. Linganisha jina la hati ya mahakama na lililoandikwa nyuma ya picha za mwanzo, na kama mtoto alikuwa na umri wa kuzungumza alipofika, muulize aliitwaje na nani.

Ikiwa familia ilibadilisha jina, njia rahisi ni kulirudisha lile la awali kama jina la katikati na kulitumia nyumbani mara kwa mara, likitamkwa sawasawa. Mtoto asilazimishwe kuliacha la sasa. Wapo wanaolitaka la zamani wakiwa na miaka 16 na wapo wasiolitaka kamwe, na uamuzi huo ni wao.

Hatua ya tatu: Tafuta mahali hasa alikotoka, na lugha yake

Hati nyingi za Kongo zinataja Kinshasa kwa sababu tu ndiko mahakama na uwanja wa ndege viliko. Mtoto anaweza kuwa alizaliwa Bukavu, Kananga au Mbuji-Mayi na kuletwa mji mkuu wiki chache kabla ya safari. Kongo ina lugha nne za taifa, yaani Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba, mbali na lugha za makabila zaidi ya mia mbili. Nimeona familia zikimfundisha Kiswahili mtoto wa Kinshasa kwa kuwa walisikia kuwa ndiyo lugha ya Afrika. Nakipenda Kiswahili kuliko lugha nyingine yoyote, lakini mtoto huyo alihitaji Lingala. Kwa Ethiopia kosa hilo huja kwa sura ya Kiamhara: watoto wengi walitoka kusini, kwa Wawolaita, Wahadiya na Wakambata, ambao wana lugha zao.

Kama mtoto ni wa Goma, Bukavu, Uvira, Kalemie au Lubumbashi, basi Kiswahili kina haki kwake, ila kiwe Kiswahili cha huko. Programu za simu hufundisha lugha sanifu ya Dar es Salaam na Nairobi. Mtoto atakayekutana na bibi yake Bukavu atasikia “aksanti” na ngeli zilizolegezwa, na maneno ya Kifaransa yaliyokaa katikati ya sentensi kama wenyeji. Mtafutie mtu wa mji wake azungumze naye, hata kwa nusu saa kwa simu kila wiki. Na umweleze mapema kwamba lahaja ya nyumbani kwao haina kasoro, kwa sababu atakutana na Watanzania watakaomcheka.

Wazazi huuliza kama lugha iliyosahaulika inaweza kurudi. Watafiti wa Ufaransa walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa vijana waliozaliwa Korea na kuasiliwa wakiwa na umri wa miaka 3 hadi 8. Vipimo vya ubongo havikuonyesha tofauti yoyote kati yao na Wafaransa wengine walipokisikia Kikorea. Baadaye uchunguzi uliofanywa Uholanzi ulionyesha kwamba walioasiliwa kutoka Korea walijifunza kutamka sauti za Kikorea vizuri kuliko Waholanzi wenzao, hata wale walioondoka wakiwa na umri wa miezi michache. Kwa hiyo mtoto anayedai hakumbuki neno hata moja asikatishwe tamaa, wala asidhaniwe kwamba anakataa kwa makusudi.

Hatua ya nne: Mweke kati ya watu, na mwende pamoja naye

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Mwaka 2009 Taasisi ya Evan B. Donaldson ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu watu wazima walioasiliwa, na takriban wanne kati ya kila watano wa wale waliotoka Korea walisema kwamba utotoni walijiona kuwa weupe au walitamani kuwa weupe. Waliposimulia ni nini kilichowasaidia, walitaja mambo ya kuishi: kuitembelea nchi ya kuzaliwa, kusoma shule yenye watoto wa asili mbalimbali, na kuwa na watu wazima wa asili yao wa kuwatazama. Kambi za utamaduni za wiki moja kila kiangazi hazikuwatosha.

Anza na nywele, kwa sababu ndizo zinazompeleka mtoto kwa watu wake mara kwa mara bila kuonekana kama somo. Mtafute msusi Mwafrika na mzazi wa kulea akae pale kitini saa zote zile za kusuka, asikilize, ajifunze kugawa nywele kwa chanuo, kuzilainisha kwa maji na mafuta kabla ya kuzichana, kuanza kuchana kutoka nchani kuelekea kwenye ngozi, na kumfunga mtoto kitambaa laini usiku. Binti akijua tofauti ya twende kilioni na mabutu, na akajua ni nani wa kumsifia mtindo mpya Jumapili, amepata kitu ambacho hakuna kitabu kitakachompa. Kwa mvulana, kinyozi anayejua nywele za kipilipili hufanya kazi hiyohiyo.

Kutoka hapo nendeni kwenye misa au ibada ya Waafrika, timu ya mpira ya vijana wa Kikongo, harusi, na hata msibani mkialikwa. Urafiki uwe wa familia kwa familia. Mtoto akipelekwa peke yake kwa “watu wake” kila Jumamosi huku wazazi wakibaki garini, ataelewa kwamba kuna upande wake ambao wazazi hawauhitaji. Wazazi wenye uwezo wa kuchagua mtaa na shule wachague pale ambapo mtoto hatakuwa Mweusi peke yake darasani. Najua ni gharama na usumbufu, lakini anayehama asiwe mtoto peke yake; yeye alikwisha kuhama mara moja.

Sasa neno kwa shangazi na mjomba. Usimuulize mtoto kabila lake mbele ya watu. Hajui, na swali hilo kwetu ni la salamu lakini kwake ni jeraha. Usimwite Mzungu hata kwa utani. Usimwambie ana bahati na ashukuru Mungu kwa kuokolewa, kwa kuwa kila anapoambiwa hivyo anazuiwa kuulilia upande aliopoteza. Usimkosoe anavyokula au anavyosalimia bila kwanza kumwonyesha, na ukimwonyesha, mwonyeshe desturi ya kwao: shikamoo ni ya Mtanzania, kupiga magoti ni kwa binti wa Buganda, na mtoto wa Kivu ana namna yake. Mpe kazi ndogo jikoni kama unavyowapa watoto wako, mkemee anapokosea kama unavyowakemea wao, na umwite kwa jina la undugu. Na ukiahidi kuja, njoo. Mtoto huyu amekwisha kuachwa na watu wazima wengi.

Hatua ya tano: Zungumzeni mapema, kulingana na umri

Mtoto wa miaka 3 hadi 5 huona rangi na nywele na huuliza waziwazi. Mjibu waziwazi, kwamba alizaliwa na mama mwingine mwenye ngozi kama yake, katika mji fulani. Kati ya miaka 6 na 8 huanza kuelewa kwamba ili aje huku ilibidi aondoke kule, na hapo ndipo huzuni hujitokeza hata kwa mtoto aliyekuwa akiisimulia hadithi yake kwa furaha. Usikimbilie kumfariji kwa kumwambia kwamba anapendwa. Mwache aseme anamkosa mtu asiyemkumbuka.

Shuleni kutakuja kazi ya kuchora mti wa ukoo. Mwendee mwalimu mapema na umwombe mtoto aruhusiwe kuchora mizizi ya familia ya kuzaa na matawi ya familia ya kulea, au achague kazi nyingine. Mfundishe pia kwamba mtu akiuliza “mbona wazazi wako ni weupe?” ana hiari nne: kuondoka bila kujibu, kusema ni jambo la familia, kutoa jibu fupi, au kueleza kwa kirefu akitaka. Fanyeni mazoezi nyumbani kwa zamu, hata mdogo wake ashiriki.

Ubaguzi wa rangi hauwezi kuachwa hadi utakapotokea. Mtafiti Richard Lee alieleza mwaka 2003 mgongano unaowapata watoto hawa: wakiwa na wazazi wao hupokelewa kama weupe, na wakiwa peke yao huonekana kama watu wa asili yao. Mvulana aliyependwa na mtaa mzima akiwa na miaka 7 atafuatwa na mlinzi dukani akiwa na miaka 14, na mama yake hatakuwa pale. Mzazi wa kulea aseme kwa kinywa chake kwamba hili lipo, kwamba yeye halijui kwa ngozi yake, na kwamba mjomba fulani analijua. Kisha amwombe mjomba huyo azungumze na kijana.

Hatua ya sita: Mwandae kwa ujana

Mwanasaikolojia Jean Phinney alieleza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba kijana hupita vipindi vitatu: kutoijali asili yake, kuitafuta kwa nguvu, na kuikubali kwa utulivu. Alijenga juu ya kazi ya Erik Erikson, ambaye mwenyewe hakumjua baba yake mzazi. Kwa aliyeasiliwa vipindi hivi huchanganyika na kurudi, kwa sababu wenzake wana baba na bibi wa kuwauliza na yeye anaanza bila kitu. Anaweza kukataa kwenda kanisani kwa Wakongo akiwa na miaka 12, akajifungia na muziki wa Kinshasa akiwa na miaka 17, kisha akaacha vyote anapokwenda chuo.

Mzazi asichukulie kipindi cha kutafuta kama kukataliwa. Kinachosaidia sana wakati huu ni kukutana na walioasiliwa waliomzidi umri, kwa sababu wao pekee hawahitaji kuelezwa. Wakorea walionyesha njia: mwaka 1998 walioasiliwa wenyewe walianzisha jijini Seoul shirika la kuwapokea wenzao wanaorudi, na kwa sauti yao walipata viza ya muda mrefu na haki ya uraia pacha. Kijana akionyesha dalili za kukata tamaa, kutolala, au kusema hafai popote, mtafutie mtaalamu wa afya ya akili aliyewahi kuhudumia walioasiliwa, na uulize swali hilo kabla ya miadi ya kwanza.

Hatua ya saba: Kutafuta ndugu wa damu

Utafutaji uamuliwe na aliyeasiliwa. Akiwa mdogo, wazazi wanaweza kuanza ikiwa wana shaka na faili, kwa kuwa mashahidi huzeeka na vituo hufungwa.

Kipimo cha vinasaba cha kampuni za biashara kina faida ndogo kuliko inavyotangazwa. Makadirio yake ya asili kwa Waafrika hugusa eneo pana, kama “Kongo na Wabantu wa Magharibi”, na hayawezi kukupa kabila kwa uhakika. Faida yake iko kwenye orodha ya watu wanaofanana nawe kwa damu, na Waafrika waliopima bado ni wachache, hivyo wengi watakaotokea watakuwa binamu wa mbali walio Ulaya na Marekani. Soma kwanza masharti ya faragha: kampuni moja kubwa ilivuja taarifa za mamilioni ya wateja mwaka 2023.

Njia inayozaa matunda zaidi ni mtu wa kuaminika aliye kule kule. Uganda aanzie kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), Kenya kwa chifu na naibu wake, Kongo kwa mkuu wa mtaa, na kote kwenye parokia, kwa kuwa daftari za ubatizo zinaweza kuwa sahihi kuliko hati za mahakama. Muagize aulize habari za mtoto aliyeondoka mwaka fulani, bila kutaja Ulaya wala Marekani, wala kuonyesha kwamba kuna fedha. Makubaliano yawe ya maandishi: malipo ya nauli na siku za kazi, bila zawadi ya “kumpata mama”, kwa maana ahadi ya zawadi huzalisha akina mama. Usiweke picha, jina kamili na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto kwenye Facebook. Familia ikijitokeza, pimeni vinasaba pande zote mbili kabla ya kuonana ana kwa ana, na muwaeleze kwa heshima kwamba kipimo kinawalinda wao pia.

Hatua ya nane: Kukutana, na yanayofuata

Familia nyingi za kuzaa hazikuelewa kwamba ridhaa yao ilikata undugu kisheria. Katika jamii zetu mtoto hulelewa na shangazi, na mwalimu au na jirani bila kubadili nasaba, na kwa Waislamu Sura ya Al-Ahzab inaagiza watoto waitwe kwa baba zao. Aliyetia alama ya dole gumba Butembo mwaka 2010 huenda aliamini mwanawe anakwenda kusoma na atarudi. Aliyeasiliwa aelezwe hili kabla ya safari, ili machozi na madai atakayoyakuta asiyaone kama tamaa.

Mkutano wa kwanza uwe mfupi, mahali pa kati, akiwa na mkalimani anayejua lugha ya familia na asiye ndugu wa upande wowote. Abebe picha za miaka yote, zilizochapishwa, za kuachia. Swali la fedha litakuja, wakati mwingine siku ileile, na ni afadhali msimamo uwe umeamuliwa nyumbani: kwa mfano kulipa ada moja kwa moja shuleni au bima ya afya ya bibi, kiasi kinachojulikana, kupitia mtu mmoja. Kutuma bila mpango huwagombanisha ndugu. Kukataa kabisa huonekana kama kukana undugu. Mzungumzaji wa Kiswahili anayeaminiwa na pande zote anaweza kubeba mazungumzo haya vizuri kuliko wakili.

Uraia wa nchi ya kuzaliwa nao uangaliwe. Uganda na Kenya zinaruhusu uraia pacha, Kongo hairuhusu, Ethiopia hairuhusu pia, lakini tangu mwaka 2002 hutoa kitambulisho kwa raia wa kigeni wenye asili ya Ethiopia, kinachowaruhusu kuingia bila viza na kufanya kazi, na aliyeasiliwa anaweza kukiomba.

Ikiwa hakuna aliyepatikana, safari ya kwenda kwenye mji wenyewe bado ina thamani: soko, mto, kanisa, watu wenye paji la uso kama lake. Aache kituoni, parokiani na kwa mkuu wa mtaa bahasha yenye jina lake la zamani na la sasa, mwaka alioondoka, na anwani ya barua pepe iliyofunguliwa kwa kazi hiyo tu. Awaandikie tena kila miaka miwili kuthibitisha kwamba anwani ni ileile, na kila mkuu wa mtaa anapobadilika nakala mpya ipelekwe kwa aliyeshika nafasi.